Maneno ya Mwisho ya Alfred

Jumatatu, 13 Januari

Naanza. Mimi ni Gilbert, dereva wa foklifti nambari moja katika mabohari yote ya Eagan, hapa Amerika, na anayebisha aje tushindane kurudi nyuma tukiwa na makreti matatu juu. Sikuwa na mpango wa kuandika. Aliyenitia mashakani ni Nkirote.

Nkirote ni binti wa kaka yangu Alfred, marehemu. Amepewa jina la mama yetu, kwa hivyo namwita Mama, naye ananiita Baba Mdogo, na akinikemea nasikia kama nimekemewa mara mbili. Amekuwa nesi wa watoto miaka sita katika hospitali moja ya Saint Paul. Tangu Septemba amechukua likizo ya masomo, amehamia kwetu hapa Brooklyn Park, na anasoma kompyuta chuoni. Ni digrii ya pili, ya watu ambao ile ya kwanza walisomea kitu kingine kabisa. Darasani kwao kuna mfamasia, mwalimu wa piano, na mzungu mmoja aliyekuwa akifuga batamzinga.

Jana alikuja na madaftari mawili. Mwalimu wao ameagiza kila mwanafunzi aandike makosa ya programu yake: tarehe, ulichotarajia, kilichotokea, na sababu ukiijua.

"Hili lako, Baba Mdogo. Andika makosa yako."

"Yangu hayajazi mstari mmoja, Mama."

"Basi anza na huo."

Mke wangu Alice alicheka hadi akaweka kikombe chini. Mimi niliacha shule kidato cha pili, lakini si kwa sababu ya akili. Mwalimu mkuu alinisindikiza mpaka barabarani akilia. Walimu walikuwa wananiogopa, maana nilikuwa namaliza somo kabla yao.

14 Januari

Hakuna kosa.

15 Januari

Hakuna.

Jumanne, 21 Januari

Baridi ya digrii ishirini chini ya sifuri. Nilitema mate nje ya mlango, yakagonga chini yakalia. Gari la Nkirote limekataa kuwaka, na mimi shifti yangu inaanza alfajiri na kuisha saa saba na nusu, basi nikampeleka chuoni na langu. Sikutaka kurudi kisha niende tena. Nikaingia darasani, nikakaa nyuma na koti langu.

Mwalimu, mama mmoja mwembamba wa sauti ya upole, akaniuliza mimi ni nani.

"Mshauri wa familia," nikamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka.

Akanikaribisha. Nilielewa yote isipokuwa maneno. Ila jambo moja niliona vizuri sana. Wenzake walikuwa wanapiga vitufe kama mvua juu ya mabati, na Nkirote alikuwa amejishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama nesi anayesikiliza mapigo ya mgonjwa.

Walirudishiwa mtihani. Wake aliukunja ukawa mdogo kama stempu.

"Umepata ngapi?" nikamwuliza garini.

"Baba Mdogo, tazama barabara."

Barabara ilikuwa nyeupe kwa chumvi. Tulipovuka mto akasema, "Kuna siku natamani kurudi wodini. Natamani mpaka mikono inawasha. Halafu nakumbuka Baba alivyokuambia."

Nikasema, "Ndiyo." Sikusema kingine, na mimi si mtu wa neno moja.

Jumapili, 26 Januari

Kanisani Lois, mwenyekiti wa akina mama, amegawa kalenda mpya za ushirika. Juu kuna picha ya Alfred akiwa na suti yake ya kijivu. Chini ya picha wameandika kwa herufi za dhahabu: "Dunia imehamia ndani ya kompyuta. Mwambie Nkirote aifuate huko." Na chini yake tena: maneno ya mwisho ya Mzee Alfred.

"Simama, Gilbert, uwaambie vijana," Lois akasema. "Kuna wageni hawajasikia."

Nikasimama. Niliposimulia mwaka jana, nilikuwa nimeongea na Alfred dakika arobaini kwenye simu. Leo ilifika saa nzima, na kulikuwa na mvua upande wake, na alinitaja mara mbili kama nguzo ya ukoo. Vijana wakapiga makofi. Nkirote alikuwa anatazama mikono yake.

Alice ameitundika kalenda jikoni, juu ya jiko. Nilipobaki peke yangu nikafunua ukurasa wa Februari nione picha gani ipo. Ni Alfred. Machi, Alfred. Nikaenda mpaka Desemba. Wamemweka miezi yote.

Jumatano, 29 Januari

Sasa naandika ule mstari mmoja.

Tarehe ya kosa ni Novemba, mwaka juzi. Nilichotarajia ni kwamba Alfred atapiga tena.

Kilichotokea ni hiki. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mapumziko ya kwanza, na mimi nilikuwa nasimulia ile ya nyati. Kila mtu wa bohari anaijua na kila mtu huiomba. Nyati alitoka msitu wa Imenti, akaingia kwenye shamba letu la chai, mwaka wa themanini na saba, na mimi, kijana wa miaka kumi na sita, nikamshika pembe huku Alfred akiwa juu ya paa analia. Meza ilikuwa imejaa. Simu ikatetemeka.

"Vieux, simu yako iko inalia," akasema Onesphore. Huyu ni Mkongomani wa Uvira, tunafanya kazi pamoja, na wazee wote wao huwaita hivyo.

"Ni ndugu yangu tu," nikamwambia, nikailaza kifudifudi.

Ilitetemeka mara tatu, ikajisogeza mezani kama mdudu. Halafu ikatetemeka kidogo tu, kama inavyofanya ujumbe wa sauti ukiingia. Nami nilikuwa nimeshika pembe. Huwezi kumwacha nyati ukiwa umemshika pembe. Nikamaliza, wakacheka, Mhmong mmoja, mtu wa Asia, akagonga meza mpaka kahawa ikamwagika, na mimi nikarudi kwenye foklifti yangu nikiwa mfalme.

Saa tano Mama Nkirote, mke wa Alfred, akapiga kutoka Meru. Alfred alikuwa ameanguka kwenye benchi la hospitali akisubiri daktari. Mshipa umepasuka kichwani.

Siku ya mazishi tulikusanyika ukumbini hapa Brooklyn Park kutazama kwenye skrini. Jeneza lilipoanza kushuka, picha ikaganda. Watu wakapiga kelele. Brandon, yule kijana anayefanya kazi ya kompyuta, akaingia chini ya meza, akachomoa hiki akachomeka kile, na Alfred akaendelea kushuka. Kila mtu akawa anasema, jameni kompyuta, kompyuta ni kitu, Mungu ambariki huyu kijana. Wakati huohuo Nkirote akanijia, macho yamevimba.

"Baba Mdogo, Mama anasema simu yake ya mwisho alikupigia wewe. Alisema nini?"

Watu kama hamsini wakageuka. Sijawahi kusimama mbele ya watu hamsini nikiwa sina kitu. Nikafungua mdomo. Lile neno kompyuta lilikuwa bado linaelea hewani, nikalidaka.

Nilifikiri ni maneno ya kumfuta machozi, ya siku moja. Sikujua atayabeba mpaka chuoni.

Ule ujumbe sijaufungua. Simu ile niliiacha, nikanunua nyingine, lakini ipo kwenye droo ya soksi na kila Jumapili naichaji. Alice hunung'unika kwamba simu iliyokufa inakula stima. Kitone cha ule ujumbe bado ni cha kijani, maana haujasikilizwa. Ni dakika moja na sekunde kumi na mbili.

Sababu ya kosa, ukiijua: naijua.

3 Februari

Theluji tu.

Jumapili, 9 Februari

Nkirote ameanza kazi yake kubwa ya muhula. Anaifundisha kompyuta kutambua nani anaongea kwa kusikia sauti tu. Inahitaji sauti nyingi za mtu mmoja, na yeye ana ujumbe wote ambao baba yake alimtumia kwa miaka sita. Anaukata vipande vidogo, anakisikiliza kila kipande, anakipa jina.

Kwa hivyo nikitoka kazini, namkuta Alfred nyumbani. Yupo nyuma ya ukuta.

"Nkirote, mama, umekula?"

Kimya.

"Umekula?"

Kimya.

"Umekula?"

Mara ya tatu nikajibu, "Nimekula." Alice aliacha kukata sukuma wiki akanitazama.

10 Februari

Ameuliza tena kama tumekula.

12 Februari

Leo ni kikohozi. Alfred alikuwa akikohoa kabla ya kuanza kusema jambo zito. Nkirote amekirudia kikohozi kile labda mara thelathini, na kila mara nimesubiri jambo lenyewe.

Jumamosi, 22 Februari

Ameniita mchana nimsaidie kujaribu programu. "Ongea chochote, Baba Mdogo. Dakika moja tu."

Nikamwambia kompyuta itavunjika, haijazoea sauti ya kiwango changu. Nikaongea. Nilisimulia nilivyoendesha foklifti kupita kwenye tufani na hakuna yai lililopasuka. Skrini ikazunguka kidogo. Kisha ikaandika jina.

ALFRED. Asilimia tisini na moja.

Nkirote akacheka kidogo, akaacha. "Ni kosa," akasema. "Nyinyi mna koo moja. Haijasikia sauti yako vya kutosha, inakupa jina la mtu inayemjua."

"Ifute."

"Nitairekebisha."

"Si kuirekebisha, Mama. Lifute jina lile hapo."

Akalifuta. Akaandika katika daftari lake: nilichotarajia, Gilbert, kilichotokea, Baba. Nimeona mwenyewe. Ameandika hivyo, Baba.

Jumapili, 2 Machi

Nilijua itafika hapa. Alikuja na chai yangu, yenye maziwa mengi ninavyopenda.

"Baba Mdogo, nahitaji sauti zake zaidi. Wewe alikuwa anakutumia nyingi. Ile simu yako ya zamani iko wapi?"

"Imemezwa na samaki."

"Ati nini?"

"Ziwa Mille Lacs. Tumekaa kwenye barafu, tumetoboa tundu, nimeinama kuangalia. Samaki wa urefu wa mlango huu akaruka akanyakua mfukoni. Nilimwona akizama, tumbo linawaka taa."

Hajacheka hivyo tangu Krismasi. Alijishika mbavu. "Na huko chini alikuwa anapiga simu?"

"Alipiga," nikasema, "lakini sikupokea."

Yeye alicheka zaidi. Mimi nilishika kikombe kwa mikono miwili. Ile simu ilikuwa hatua nane kutoka tulipokaa, nimetoka kuichaji.

Jumamosi, 8 Machi

Barua kutoka hospitali. Wodi yake imemwekea nafasi mpaka hapo walipoweza. Anatakiwa kujibu kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa tarehe 11 Aprili: arudi kazini, au waajiri mwingine.

Ameiweka chini ya sumaku kwenye friji. Kalenda iko upande huu, barua upande ule. Nikienda kuchukua maziwa napita katikati yao.

Jumatano, 19 Machi

Barafu inayeyuka, barabara zimejaa mashimo. Mtihani wa katikati ya muhula umerudi, na ni vibaya. Akiendelea hivi watamtoa.

Alice, ambaye mwenyewe anafanya kazi nyumba ya wazee na anajua mikono ya kazi anapoiona, alimwambia mezani bila kuzunguka, "Nkirote, rudi kwa watoto wako. Ulikuwa ukirudi kutoka wodini umechoka lakini umenyooka. Sasa umejikunja kama ile karatasi ya mtihani."

"Najua, Tata," akasema; ndivyo anavyomwita Alice.

"Sasa?"

"Sasa Baba alitumia pumzi yake ya mwisho, Tata. Hakusema juu ya shamba, hakusema juu ya Mama. Alisema juu ya hili. Nitamwambia nini?"

Alice akanigeukia. "Mbona wewe leo umenyamaza? Unaumwa?"

"Jino linaniuma," nikasema.

Alhamisi, 27 Machi

Onesphore amenikuta garini wakati wa mapumziko. Siku hizi siendi kwenye meza.

"Vieux, sababu gani hauletake tena histware? Batu banakungoja."

"Hadithi zimeisha."

"Weye? Ziishe?" Akaingia, akafunga mlango. "Miye nakuangaliaka. Simu yako ikilia, unaiangalia kama nyoka. Iko nani anakutafuta?"

"Hakuna mtu."

"Ni hiyo mbaya kuliko yote," akasema. Akanipa nusu ya mkate wake, tukala tukitazama mabata bukini yamerudi, yanatembea juu ya theluji chafu.

4 Aprili

Siku saba.

7 Aprili

Nne.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeifungua.

Asubuhi niliichukua ile simu kwenye droo nikaitia ndani ya soksi, soksi ndani ya koti. Saa moja na nusu, nikiwa kwenye pakingi ya bohari, nikafunga vioo vyote, nikabonyeza. Naandika kama alivyosema. Nimesikiliza mara tisa na siongezi neno.

"Gilbert. Hupokei. Uko kazini, au uko katikati ya hadithi." Hapo anacheka. "Sikiza, niko hapa hospitali, ni kichwa tu kinanigonga. Foleni ni ndefu, na watu wa hapa wamenuna, wee, utadhani wamekunywa siki. Nimewaambia nina ndugu Amerika anayeweza kuwachekesha mpaka wapone bila dawa. Hawaamini. Sasa nipigie, nikuweke kwa spika, uwasimulie ile ya nyati. Usiogope, sitasema ilikuwa ndama wa Mama. Nimenyamaza miaka thelathini na sita, nitashindwa leo?" Hapo kuna kikohozi. Kuna mtu anauliza kitu, naye anamjibu, atapiga, atapiga, huyo ni ndugu yangu. Halafu: "Msalimie nesi wangu. Nipigie, bwana. Wanasubiri."

Basi.

Ilikuwa ndama. Ilikuwa ndama wa Mama, mwenye doa jeupe, na aliyemshika ni Alfred. Mimi ndiye niliyekuwa juu ya paa.

Kitone kimegeuka bluu. Nimekaa pale mpaka msimamizi akagonga kioo. Siku nzima nilipokuwa nabeba makreti niliwaona wale watu wa benchi, na nyuso zao za siki, wamegeukia simu iliyo mkononi mwa kaka yangu. Hawajui kwamba wanangoja mtu anayesimulia hadithi hiyohiyo mahali pengine, dakika hiyohiyo.

Nesi wangu. Amesema nesi wangu.

Kesho namwambia. Nina muda mpaka saa kumi na moja.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilichotarajia: kusema.

Nilifika nyumbani saa nane. Nkirote alikuwa mezani, barua mbele yake, kompyuta imefunguliwa kwenye ukurasa wa kujibu. Alice alikuwa kazini. Nilivua buti pole pole. Nilikuwa nimejipanga njia nzima ya kutoka Eagan, nimesema kwa sauti mara ishirini: Mama, sikupokea ile simu. Maneno hayo ni machache. Hata mtoto angeyabeba.

Kabla sijakaa akasema, "Baba Mdogo, nataka kukuuliza kitu, na tafadhali usiweke chumvi. Leo usiweke. Baba alikuwa na sauti gani siku ile? Alikuwa na hofu? Alikuwa amechoka?"

Mlango umefunguliwa wazi hivyo. Mtu anakushikia mlango kwa mikono miwili na wewe una makreti.

"Alikuwa na sauti ya furaha," nikasema.

Na ni kweli! Ni kitu cha kwanza cha kweli nilichomwambia juu ya siku ile. Nilikuwa naanza nacho tu, nilikuwa nataka kupandia hapo. Lakini yeye alifumba macho, mabega yakashuka, akasema, "Asante. Hicho ndicho nilikuwa nataka kujua." Akageukia kompyuta. Nikaona mkono wake ukienda kwenye kitufe. Nikasema, "Mama." Akasema, "Ngoja kidogo nimalize, nisije nikaogopa." Akabonyeza: harudi wodini.

Saa nane na dakika kumi na tano. Kulikuwa kumebaki karibu saa tatu, na hata hizo sikuzitumia. Nilienda kuoga. Niliacha maji yakimbie mpaka yakawa baridi.

12 Aprili

Nyuma ya ukuta, Alfred anauliza kama tumekula.

Jumapili, 13 Aprili

Baada ya ibada Alice alibaki na Lois kuosha vyombo. Nikarudi na Nkirote. Tulipofika pakingi ya nyumba yetu sikuzima gari. Nikaitoa simu mfukoni, nikaiweka juu ya dashibodi.

Alitazama simu. "Samaki ameitapika?" akauliza, bado anatabasamu.

Nikasema. Sikumbuki mpangilio. Nilisema meza, nyati, kifudifudi, Brandon chini ya meza. Nilisema maneno yale ya dhahabu niliyatoa kinywani mwangu mwenyewe. Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilisahaulika usoni. Halafu akaichukua simu akasikiliza. Alipofika pale pa nesi wangu akarudisha. Akarudisha tena. Nilizoea kumsikia Alfred akikatwa vipande nyuma ya ukuta, lakini sasa hapakuwa na ukuta.

"Ijumaa," akasema. "Ijumaa ulikuwa umeshasikia hii?"

"Alhamisi."

"Na nikakuuliza."

"Ukaniuliza."

"Na ukasema furaha."

"Ilikuwa ni furaha, Mama."

"Usiniite Mama."

Alishuka na simu yangu. Alitembea kupita mlango wa nyumba, akaenda moja kwa moja barabarani bila kofia, na mimi nikamfuata na gari polepole, dirisha limefunguliwa, mpaka akageuka na kuniambia kwa Kiingereza nisimfuate. Huwa haongei nami Kiingereza.

Jumatatu, 14 Aprili

Alipiga hospitali saa mbili kamili. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimesimama kwenye korido. Nilimsikia akisema ndiyo, ndiyo, naelewa, hapana, asante. Nafasi wamempa mtu mwingine, na amekwisha kutia sahihi.

Alice ameambiwa yote. Hajanipigia kelele. Ameng'oa kalenda ukutani, akaikunja, akaniwekea kwenye mfuko wangu wa chakula cha kazini.

20 Aprili

Pasaka. Tumekula. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 26 Aprili

Amehamia kwa mwenzake wa darasani, yule mwalimu wa piano, Saint Paul. Nilimbebea masanduku mpaka garini, aliniruhusu hilo. Nilianza kumwomba msamaha akaniinulia mkono.

"Sitaki hiyo. Ukiomba msamaha utaifanya nzuri sana, nakujua, nitalia, na itakuwa hadithi yako tena."

"Basi niambie nifanye nini."

"Yale maneno uliwapa watu hamsini. Nenda uyachukue. Lois ameandaa siku ya wanafunzi, tarehe kumi ya Mei, na amekuweka kwenye ratiba. Mistari minne, Baba Mdogo. Usiseme mvua. Usiseme nguzo ya ukoo."

"Na wewe? Utarudi kuuguza? Utaendelea na kompyuta?"

"Namaliza muhula kwa sababu nimeuanza. Baada ya hapo sijui. Nimekaa mwaka mzima nikijua kwa niaba ya mtu. Nataka nikae kidogo bila kujua, na mtu asinisaidie."

Ameniita Baba Mdogo. Nimeandika nisije nikasahau, au nisije nikaongeza.

2 Mei

Amemwambia Alice kwamba amefaulu, kwa shida. Programu yake sasa inanitambua. Inasema Gilbert.

Jumamosi, 10 Mei

Ukumbi ulijaa. Watu walitoka Blaine, wengine Eagan, harufu ya pilau mpaka kwenye pakingi. Lois akashika maikrofoni: "Sasa mnajua nani anakuja, na mnajua anakuja na nini!" Wakapiga makofi kabla sijainuka. Nkirote alikuwa safu ya pili, koti bado mwilini.

Nikasema: "Alfred alinipigia, sikupokea, nilikuwa napiga hadithi. Yale maneno kwenye kalenda si yake. Niliyatunga mimi pale pale mazishini. Nkirote aliacha kazi yake kwa ajili ya uongo wangu."

Halafu mzee mmoja upande wa kushoto akapasuka kwa kicheko. Kikaenda safu hadi safu. Lois alijifuta macho kwa leso. "Gilbert, wewe! Umeianzia mbali leo!"

"Ni kweli," nikasema, na hapo ndipo ukumbi ulipoanguka kabisa. Watu walipiga meza. Vijana walitoa simu kunirekodi. Kutoka nyuma mtu akaita, "Halafu?" Na wengine wakaitikia, "Halafu, Gilbert? Halafu?"

Nikarudia mistari yangu minne. Wakacheka zaidi kwa jinsi nilivyokaza uso. Miaka yote hii nimewafundisha mimi. Wanajua kwamba nikikaza uso, kichekesho kinakuja. Nilishika maikrofoni kwa mikono miwili na nikamtafuta Nkirote, lakini kiti chake kilikuwa tupu, na nikadhani ameondoka, na nikasema moyoni, ni haki yake.

Alikuwa anapanda jukwaani. Alikuja akasimama kando yangu, hakunigusa, akawageukia. Alisimama tu na uso wake ule, uso wa mama yetu, mpaka kicheko kikaanza kufa kuanzia safu ya mbele, meza moja moja, na mtu wa mwisho aliyekuwa akicheka akajisikia yuko peke yake akaacha.

"Sema," akaniambia.

Nikasema kwa mara ya tatu. Nilisikia sauti yangu ikienda mpaka ukuta wa nyuma na kurudi, na njiani haikukuta kicheko cha mtu hata mmoja. Katika maisha yangu sijawahi kusimama mbele ya watu na ukweli wakaniamini. Lois alikuwa ameshusha leso. Nikairudisha maikrofoni mahali pake, nikashuka ngazi nikitazama miguu yangu. Hapakuwa na halafu.